Mtu wa Kubaki na Saa: Mafunzo Tuliyopata Katika Kuendesha Mbio za Nyika kwa Kujitolea

Aghalabu mwalimu anayetoka chuoni hujua namna ya kuanzisha mbio za watoto. Huchora mstari wa chokaa, huwapanga wanafunzi, kisha hupiga filimbi. Namna ya kuzimaliza mbio hizo ni elimu nyingine, na sisi tuliipata kwa gharama ambayo hatukuilipa wenyewe. Aliyeilipa ni msichana mmoja wa darasa la saba. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaandikia walimu wenzetu habari za mbio za nyika tulizoziendesha Mikocheni, jijini Dar es Salaam, tangu mwaka 2022 hadi 2024, kwa msaada wa watu waliojitolea tu.

Ieleweke mapema kwamba hatuandiki kama mabingwa wa riadha. Kazi yetu ni ukufunzi wa mbinu za kufundishia, na utotoni tulikimbia mchakamchaka wa asubuhi kama watoto wengine wa nchi hii, bila kutia fora. Tunaandika kama watu waliokosea mbele ya watoto, wakasahihishwa, wakajaribu tena.

Mahali na kusudi

Jina la Mikocheni latukumbusha mikoche, miti ya jamii ya mitende. Siku hizi mgeni apitaye huona zaidi kuta ndefu na mageti ya chuma. Hata hivyo njia za udongo bado zipo, nyuma ya shule, kando ya mifereji na kuelekea Mto Mlalakuwa upande wa Kawe. Ndizo tulizozifanya uwanja wetu. Shule nyingi za mjini hazina mahali pa kuchora duara la mita 400, lakini mbio za nyika hazidai duara. Zadai njia, ruhusa ya kupita, na watu wa kuisimamia njia hiyo.

Makusudi yetu yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa kuwaandaa wanachuo kabla hawajakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, wajue kuendesha michezo kwa vitendo badala ya kuandika maandalio ya somo peke yake. La pili lilihusu watoto wenyewe. Nchi yetu ina sifa ya muda mrefu katika mbio ndefu. Gidamis Shahanga alitwaa dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978. Suleiman Nyambui alipata fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Juma Ikangaa alishinda New York mwaka 1989, na Alphonce Simbu akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwezi Septemba 2025. Lakini mtoto wa pwani huambiwa tangu mapema kwamba mbio hizo ni za watu wa bara, na yeye huamini kabla hajajaribu hata siku moja.

Watu hutuuliza mara nyingi ni nani anayeendesha riadha. Kwa sheria, lipo Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na vipo vyama vya mchezo vilivyosajiliwa, vya taifa na vya mikoa. Lakini siku ya mbio yenyewe, ukishuka mpaka kwenye njia ya vumbi, utawakuta mwalimu wa michezo mwenye filimbi, mzazi mwenye ndoo ya maji, kijana mwenye kibendera penye njia panda, na mtu mwenye saa. Kwa kawaida hao hawalipwi. Wao ndio serikali ya mbio kwa saa mbili zile, na wakizembea, hakuna ofisi ya juu inayoweza kuziokoa mbio hizo.

Kosa letu

Mbio za kwanza zilifanyika Jumamosi moja ya Julai 2022. Watoto 64 walikuja kutoka shule tatu. Tulikuwa tumepanga kuanza saa 1:00 asubuhi, kabla jua halijakaza. Tulikuwa pia tumemwalika mgeni wa heshima, naye akachelewa. Hatukuthubutu kuanza bila yeye. Filimbi ilipigwa saa 3:20, watoto wakiwa wamesimama juani zaidi ya saa mbili na baadhi yao wakiwa wamekwisha kunywa maji yote yaliyowekwa kwa ajili ya njiani.

Wavulana walitangulia, wasichana wakafuata baada ya dakika tano. Penye njia panda ya pili tulimweka mwanachuo mmoja, kijana mwaminifu. Maelezo tuliyompa yalikuwa maneno mawili tu: "Utasaidia pale." Basi wavulana wa mbele walipokwisha kumpita, ujumbe ukaja kutoka kwenye hema kwamba jua limegeuka, na yeyote asiye na kazi aje kusaidia kuhamisha viti vya wageni. Yeye aliona watu wamekwisha pita, akadhani hana kazi tena, akaja. Baadaye tulipouliza ni nani aliyempelekea ujumbe ule, ilibainika kuwa ni sisi.

Msichana aliyekuwa akiongoza mbio za wasichana alifika pale akakuta njia mbili na mtu hakuna. Shule yake haikuwa ya mtaa ule. Akashika njia ya kushoto, akakimbia mpaka akatokea kwenye lami, na hapo dereva mmoja wa bodaboda alimwona na namba kifuani akamwelekeza arudi. Wenzake waliomfuata walikuwa wenyeji, wakaijua njia, wakamaliza salama.

Aliporudi uwanjani, mgeni wetu alikuwa na haraka ya kuondoka, nasi tulikuwa tumeanza kugawa zawadi. Meza ya waandishi ilikuwa imehamishiwa hemani. Kamba ya kumalizia ilikuwa imefunguliwa, na saa zilikuwa zimesimamishwa. Yule msichana alikimbia mpaka kwenye mstari wa chokaa, akausimamia, akatazama kulia na kushoto. Hapakuwa na mtu. Akaenda akaketi nyuma ya darasa.

Twaona haya kuliandika jambo linalofuata, lakini bila hilo makala haya yangekuwa ya uongo. Tulimwona. Tulikuwa tumesimama kando ya mgeni, tukimpigia makofi mtoto mwingine, nasi hatukuisimamisha shughuli.

Jioni ile tulikwenda nyumbani kwao. Analelewa na bibi yake, mama wa makamo ya uzee auzaye maandazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu uketi."

Tulieleza yaliyotokea, tukaomba radhi, tukasema kwamba tungempa mtoto zawadi ya kumfariji kwa kuwa alishindwa bila kosa lake. Bibi alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, hapa nyumbani watoto wapo saba na sinia ni moja. Kushindwa anakujua. Kilichomliza ni kwamba alifika, na nyinyi hamkuwapo."

Hatukuwa na jibu. Mtoto mwenyewe hakutoka ndani.

Aliyeandikiwa muda wake

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiwafundisha wanachuo wetu habari za John Stephen Akhwari kwa namna tofauti na tulivyofundishwa sisi. Kila mtoto wa shule Tanzania husikia kwamba tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, Akhwari alianguka, akaumia goti, akafungwa bendeji, na bado akamaliza. Husimuliwa kama kisa cha moyo wa mkimbiaji, na kweli ni hivyo. Lakini kuna jambo jingine ndani yake. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari alikuwa wa 57, wa mwisho miongoni mwa waliomaliza, na muda wake umeandikwa vilevile: saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Tofauti yao inazidi saa nzima. Giza lilikuwa limeingia na watazamaji wengi walikuwa wamekwisha ondoka. Muda ule haukujiandika wenyewe. Palikuwa na mtu aliyebaki na saa.

Tunawauliza wanachuo: lau mtu huyo angeondoka na wenzake, sisi leo tungekuwa na nini cha kuwasimulia watoto? Akhwari angalimaliza kama alivyomaliza, lakini ushahidi ungebaki kwake peke yake, kama ulivyobaki kwa yule msichana wa Mikocheni.

Kujitolea hakuondoi wajibu

Katika kikao cha kujikosoa baada ya mbio zile, mwanachuo mmoja aliuliza swali lililotuchukua wiki mbili kulijibu: "Mkufunzi, mtu usiyemlipa utamwajibishaje?" Wengi wetu tulikuwa tukiamini kwamba asiyelipwa anastahili shukrani tu, na kwamba kumpa masharti ni kumvunja moyo. Tulipochunguza tuliona kinyume chake. Yule kijana wa njia panda hakuvunjika moyo kwa sababu ya masharti. Alivunjika kwa kutokuwa nayo, kwani hakujua kazi yake inaanzia wapi na kuishia wapi, kisha akabebeshwa lawama.

Mwaka 2023 tulianza upya kwa kuunda kamati ya watu saba: mwenyekiti, katibu, mhazina, msimamizi wa njia, mkuu wa saa na daftari, mkuu wa maji na huduma ya kwanza, na mjumbe mmoja wa wazazi aliyeteuliwa kwa kushauriana na ofisi ya serikali ya mtaa. Wanachuo walijichagulia kazi wenyewe katika orodha iliyobandikwa ukutani. Hili ni jambo muhimu, kwa maana chuoni kuna desturi mbaya ya kuwaamuru watu kisha kuwaita wamejitolea. Aliyeamriwa husimama penye njia panda akiitazama saa yake. Aliyechagua huitazama njia.

Kila aliyejiandikisha alipewa kadi ya mistari minne. Hii hapa ni mojawapo kama ilivyoandikwa:

Mahali: njia panda ya pili, penye mfereji.
Fika: saa 12:15 asubuhi.
Kazi: kuwaelekeza wakimbiaji wote kulia.
Ondoka: mfuata-nyuma akikupa mkono.

Mstari wa mwisho ndio uliobadili mbio zetu. Mfuata-nyuma ni mtu mzima anayetembea nyuma ya mkimbiaji wa mwisho, kaj­ifunga kitambaa chekundu begani. Hapiti mbele ya mtoto yeyote, na akifika kwa kila msimamizi humpa mkono. Kabla ya mkono huo hakuna ruhusa ya kuondoka, hata aje mgeni wa namna gani. Na mfuata-nyuma ndiye wa mwisho kuvuka mstari wa chokaa; hapo ndipo saa husimamishwa.

Wazo hili si letu. Tarehe 2 Oktoba 2004, katika bustani ya Bushy Park mjini London, Paul Sinton-Hewitt aliwakusanya wakimbiaji 13 kukimbia kilomita 5 bila kiingilio. Kutokana na hao zilitokea mbio za kila wiki ziitwazo parkrun, ambazo leo hufanyika katika nchi nyingi, na huendeshwa uwanjani na watu wa kujitolea. Miongoni mwa kazi zinazogawiwa kila Jumamosi ipo ya kuwa wa mwisho kwa hiari, ili pasiwe na mgeni anayeona aibu ya kumaliza nyuma ya watu wote. Tulipolisoma jambo hilo tulifurahi kwamba kuna watu walioona kuwa wa mwisho ni kazi inayostahili kupangiwa mtu.

Kwa upande wa fedha tulikuwa na sheria moja tu. Kila shilingi iliyoingia na kutoka iliandikwa na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo kabla ya jua kutua siku ya mbio. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo, cha chokaa, pini, maji, chai na maandazi. Lakini mtu anayetoa Jumamosi yake bure ana haki ya kujua kwamba hakuna mwingine anayefaidi kwa siri.

Kupima njia ni somo la Hesabu

Mwaka wa kwanza tulitangaza kilomita 5 kwa kukisia. Mwaka wa pili tuliona kwamba kumtangazia mtoto umbali usiopimwa ni kumdanganya, hata kama hatajua.

Yafaa walimu wajue kwamba ufundi wa kupima njia za mbio ndefu ulikuzwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, si na serikali wala makampuni. John Jewell wa Uingereza alieleza mwaka 1961 namna ya kupima kwa baiskeli iliyosanifishwa. Ted Corbitt, tabibu wa viungo wa New York aliyekuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, aliandika juu ya upimaji huo mwaka 1964 na kuueneza Marekani. Haja yake ilionekana wazi baadaye. Mwaka 1981 Alberto Salazar alimaliza marathoni ya New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 13, akatangazwa kuwa na muda bora kuliko wote duniani. Njia ilipopimwa tena ilionekana kuwa pungufu kwa takriban mita 150, na muda ule ukaondolewa. Mkimbiaji hakuwa na hatia. Waliompangia njia ndio waliompunguzia.

Sisi tulifanya hivi. Wanachuo walipima mita 100 za ardhi ngumu kwa utepe wa chuma. Kisha walifunga kitambaa kwenye spoku ya gurudumu la mbele la baiskeli, mmoja akaendesha polepole, wawili wakihesabu mizunguko. Walipata mizunguko 46 na nusu, yaani kila mzunguko ni kama mita 2.15. Kanuni ya wapimaji ni kuongeza mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi. Basi kilomita 5 huwa mita 5,005, nazo zikigawanywa kwa 2.15 ni mizunguko 2,328.

Makundi mawili yalipima njia ileile yakaleta majibu yaliyopishana kwa zaidi ya mita 100. Ubishi ulikuwa mkubwa, na ubishi huo ulifundisha kuliko sisi. Iligundulika kwamba kundi moja lilizunguka kona kwa upana, ilhali mkimbiaji hukata kona. Tena lilipima mchana, na gurudumu lililopata joto hutanuka kidogo. Na penye mchanga mwingi gurudumu liliteleza, kwa hiyo sehemu hiyo ikabidi ipimwe kwa utepe. Mwishoni walikubaliana kupima mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuupita kihalali, asubuhi na mapema, mara mbili. Mwanachuo aliyekuwa akichukia Hesabu tangu sekondari ndiye aliyeandika taarifa ya upimaji.

Somo la Jiografia lilipata ramani ya njia. Somo la Kiswahili lilipata barua za kuomba ruhusa, mihutasari ya vikao na matangazo. Hivyo mbio za saa mbili zilitulisha kazi za darasani kwa muhula mzima.

Jua, na kuta

Katika pwani yetu hasimu mkubwa wa mbio ndefu ni joto. Mbio za nyika ziliwahi kuwamo katika Olimpiki, zikaondolewa baada ya Paris 1924, ambapo kwa sababu ya joto kali wakimbiaji 38 walianza na 15 tu wakamaliza. Karibu nasi zaidi, tarehe 24 Machi 2007, Mombasa iliandaa mbio za nyika za ubingwa wa dunia. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za ubingwa huo kwa miaka mitano mfululizo, alishindwa na joto la pwani akaacha katika mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akatwaa ushindi. Ikiwa bingwa wa namna hiyo aliangushwa na hewa ya Mombasa, sisi tulikuwa na haki gani ya kuwasimamisha watoto juani Mikocheni wakimsubiri mgeni? Kuanzia 2023 filimbi hupigwa saa 1:00 asubuhi kamili. Mgeni akichelewa, atazikuta mbio njiani.

Tatizo la pili halina dawa rahisi. Kati ya Julai 2022 na Julai 2023 sehemu moja ya njia yetu ilijengwa ukuta. Mwenye kiwanja alikuwa katika haki yake. Tulikwenda na mwenyekiti wa mtaa kutafuta njia mbadala, tukapata moja nyembamba kando ya mfereji. Mwaka 2024 hiyo nayo ilikuwa imebanwa kwa kifusi, tukalazimika kufupisha mbio za wadogo kuwa kilomita 3. Mji unavyokua, njia za udongo hupotea bila mtu kutangaza. Tumeona kwamba kamati inayokutana mwezi mmoja tu kabla ya mbio huchelewa. Msimamizi wa njia hana budi kuipitia njia mara kwa mara mwaka mzima na kuwafahamu majirani wote kwa majina.

Namna tulivyozieneza

Hatukuwa na fedha za matangazo. Tulipata msaada mahali ambapo hatukupatarajia, kwenye vikundi vya jogingi. Mkazi yeyote wa Kinondoni au Temeke huvifahamu: asubuhi ya Jumapili hupita wakiwa na sare, wakiimba, wazee kwa vijana. Tulikuwa tukiviona kama burudani ya mwisho wa juma. Tulipokaribishwa katika kikao cha kimoja wapo tuliona katiba, daftari la ada, mwenyekiti, katibu, na mfuko wa kusaidiana katika misiba na ugonjwa. Tulimuuliza katibu wao ni nini kinachowafanya watu waamke saa 11 alfajiri bila malipo. Alitujibu kwamba asiyeonekana Jumapili mbili hutembelewa nyumbani. Hatujapata kusikia kanuni bora zaidi ya utawala wa watu wa kujitolea.

Vikundi hivyo vilitupatia wasimamizi wa kona, na wafuata-nyuma wetu wote wawili. Navyo vilipeleka habari misikitini, makanisani na sokoni kwa haraka kuliko barua zetu. Mwaka 2024 wazazi walikuja kwa wingi kuliko mwaka wowote, na baadhi yao waliomba kadi.

Neno la mwisho

Wenzetu wanaojiandaa kuanzisha mbio kama hizi tunawashauri mambo machache. Mpeni kila mtu mahali pake kwa maandishi. Mwambieni saa ya kuondoka kama mnavyomwambia saa ya kufika. Pimeni njia kwa haki. Anzeni kwa wakati. Wekeni mtu wa kumfuata aliye nyuma, na msiihamishe meza ya saa kabla hajafika.

Wanachuo wetu kadhaa wamekwisha peleka utaratibu huu katika shule walikopangiwa mazoezi. Mmoja wao ni yule kijana wa njia panda ya pili. Mwaka 2023 alijiandikisha tena, akaomba njia panda ileile. Tulimwona akisimama pale mpaka saa 2 asubuhi, peke yake, muda mrefu baada ya watoto wengi kupita, mpaka alipopewa mkono.

Yule msichana hatukumwona tena kwenye mbio zetu. Alimaliza darasa la saba mwaka uleule, akaenda kwa mzazi wake mkoani kuanza sekondari. Bibi yake hutuuzia maandazi ya wasimamizi kila Julai, wala hajalitaja tena jambo lile. Daftari la mwaka 2022 tunalo chuoni. Katika mstari wake yameandikwa jina, shule na namba ya kifuani, na nafasi ya muda ni tupu. Mara mbili tumeshauriwa kuijaza kwa makisio ili daftari lipendeze. Tumekataa. Kila darasa jipya linapoanza somo la kuendesha michezo, daftari hilo hupitishwa mkono kwa mkono, nasi tunawaomba wanachuo wautafute mstari wenye pengo, kisha tunawaeleza ni nani waliopaswa kuwapo pale na saa.